Penina Muhando

Penina Muhando (anajulikana pia kama Penina Mlama, alizaliwa Berega, mkoa wa Morogoro, mwaka 1948) ni mwandishi wa tamthilia, mwongozaji na mtaalamu wa sanaa za maonyesho kutoka nchini Tanzania. Tamthilia zake zote zinazofahamika zimeandikwa kwa Kiswahili. Alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ni mmoja wa waanzilishi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo nchini, yaani mchezo wa kuigiza unaotungwa na wananchi wenyewe juu ya matatizo yao, unaochezwa katika uwanja wao na kujadiliwa papo hapo.

Mara nyingi hutajwa pamoja na Ebrahim Hussein kama nguzo mbili za tamthilia ya Kiswahili ya baada ya uhuru. Wote wawili walikuwa wanajaribu jambo jipya. Hussein alifanya majaribio yake ndani ya maandishi, akiivunja na kuiunga upya tamthilia kwa kutumia ngano na utenzi. Muhando naye alianza kwa maandishi, lakini alifika mahali akauliza swali gumu zaidi: kwa nini mwandishi ndiye aamue mchezo uhusu nini? Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilikuwa kulitafutia jibu swali hilo.

Maisha na elimu

Berega iko katika wilaya ya Kilosa, katika nchi ya Wakaguru. Mtoto aliyekulia huko miaka ya 1950 alipata shule mbili kwa wakati mmoja. Moja ilikuwa ya ubao na chaki. Nyingine ilikuwa ya ngano za jioni, vitendawili, nyimbo za kazi, jando na unyago. Muhando hakuiacha hiyo ya pili nyuma alipopanda basi kwenda kusoma mbele. Miaka mingi baadaye, mwaka 1983, alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa utafiti uliohusu sanaa za maonyesho za Wakaguru kama chombo cha kutolea elimu. Kabla ya hapo, mwaka 1981, jarida la Marekani liitwalo The Drama Review lilikuwa limechapisha makala yake kuhusu digubi, moja ya maonyesho ya jadi ya watu hao.

Hoja yake ilikuwa kwamba maonyesho haya si burudani ya kupitisha muda tu, wala si mabaki ya zamani ya kuwekwa katika makumbusho. Ni mfumo kamili wa kufundisha. Una walimu wake, una masomo yake, una wakati wake wa kuuliza na wa kujibu, na hakuna anayekaa pembeni kama mgeni. Anayetazama leo ndiye atakayecheza kesho.

Msomaji wa Dar es Salaam halazimiki kwenda Kilosa ili kulielewa hili. Mdundiko wa Wazaramo unapopita mitaani Buguruni, Vingunguti au Temeke, haukai mahali pamoja ukingoje watazamaji. Unatembea, na watu wanaufuata. Mama aliyetoka nje kuchungulia tu ngoma ya nani hiyo, baada ya nyumba tatu anaimba kiitikio, na baada ya mtaa mmoja kiuno kimeshakolea. Haiwezekani kusema ni wapi hasa alipoacha kuwa mtazamaji.

Muhando alisomea sanaa za maonyesho Mlimani, katika idara iliyokuwa changa. Chuo chenyewe kilikuwa kimeanza mwaka 1961, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea. Aliendelea kufundisha hapo hapo na baadaye akawa mkuu wa idara hiyo.

Jukwaa alilolikuta

Ili kuona uzito wa kazi yake inafaa kukumbuka hali ya jukwaa wakati ule. Wakati wa ukoloni neno "drama" lilikuwa na maana ya mchezo wa Kiingereza. Wazungu wa Dar es Salaam walikuwa na ukumbi wao, Little Theatre, na katika shule za sekondari wanafunzi walikariri Shakespeare. Waafrika walicheza vichekesho, vipande vifupi visivyoandikwa, ambavyo mara nyingi vilimcheka mshamba aliyefika mjini. Ngoma ziliachwa zihesabiwe kama ngoma tu.

Baada ya uhuru mambo yalianza kubadilika kwa lugha kwanza. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, ikaonekana kwamba Kiswahili kinalimudu jukwaa. Mwaka huo huo wa 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile. Kwa upande mwingine, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera zilienea kila mahali, hasa kwa juhudi za Mathias Mnyampala. Wanafunzi walipangwa mistari miwili, upande mmoja wajinga, upande mwingine wenye busara, na mwisho wa shairi wajinga wote walikubali. Mwandishi wa makala haya amezisimamia ngonjera za namna hiyo mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka, katika viwanja vya shule, mgeni rasmi akiwa amechelewa na watoto wamekaa juani.

Kwa hiyo kijana aliyetaka kutunga mchezo miaka ile alikuwa na njia mbili zilizokwisha tengenezwa: umbo la Ulaya lenye vitendo, maonyesho na pazia, au ngonjera ya kusifu siasa. Muhando alianza na ile ya kwanza.

Tamthilia za mwanzo

Kitabu chake cha kwanza, Hatia, kilitoka mwaka 1972. Kinamhusu msichana aliyepata mimba, na jina la kitabu ndilo swali lake: hatia ni ya nani? Zilifuata Tambueni Haki Zetu (1973), Heshima Yangu (1974), Pambo (1975) na Talaka si Mke Wangu (1976). Ni vitabu vitano katika miaka mitano, na mwandishi alikuwa bado hajatimiza miaka thelathini.

Tamthilia hizi ni fupi, lugha yake ni ya watu wanavyozungumza, na hazina mashujaa wakubwa wa historia kama Kinjeketile. Watu wake ni wa nyumbani: mama, baba, binti, kijana aliyesoma sana mpaka hajui tena azungumze nini na wazazi wake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, Pambo ndiyo yenye nguvu kuliko nyingine za kipindi hicho, kwa sababu inagusa jeraha ambalo taifa changa halikupenda kulitazama: msomi ambaye elimu imemtenga na watu waliomsomesha.

Mwaka 1976 Muhando alishirikiana na Ndyanao Balisidya kuandika Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kitabu cha maelezo kilichowafaa sana walimu wa Kiswahili. Kilitusaidia kupata maneno ya kufundishia. Bila kitabu cha namna hiyo mwalimu alilazimika kuazima istilahi za Kiingereza na kuzivalisha kanzu. Kina jambo moja muhimu zaidi: kinaihesabu ngoma, ngano na majigambo kuwa sanaa za maonyesho kamili, si "chimbuko" tu la kitu bora kilichokuja baadaye kutoka ng'ambo.

Kuvunja umbo: Nguzo Mama, Harakati na Lina Ubani

Mabadiliko makubwa yanaonekana katika kazi za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nguzo Mama (1982) inatokea katika kijiji cha kubuni kiitwacho Patata. Wanawake wa kijiji wameitwa kuisimamisha nguzo kubwa, Nguzo Mama, ambayo bila hiyo kijiji hakiwezi kusimama. Wahusika hawana majina ya kawaida. Wanaitwa Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu na kuendelea hadi Bi Nane. Yuko pia Chizi, anayesimulia, anayecheka, anayesema na watazamaji moja kwa moja, na ambaye kwa kuitwa mwendawazimu anapata ruhusa ya kusema yale ambayo wenye akili wanayameza.

Kila wanawake wanapojikusanya kuiinua nguzo, jambo linatokea. Huyu ana mume anayemaliza fedha zote kwenye pombe. Mwingine amefiwa, na ndugu wa mume wamekuja kuchukua kila kitu. Wengine wanasengenyana wao kwa wao. Mchezo unakwisha na nguzo haijasimama.

Mwisho huo ulikuwa kinyume kabisa na desturi ya wakati ule. Ngonjera isingekubali kumalizika hivyo. Wajinga wangeelimika na nguzo ingesimama kwa makofi. Ilikuwa pia katikati ya Muongo wa Umoja wa Mataifa wa Wanawake (1976–1985), kipindi cha mikutano, kanga zenye maandishi na hotuba za kumkomboa mwanamke. Muhando aliwarudisha watazamaji nyumbani na nguzo ikiwa bado iko chini, ili ubishi uendelee njiani.

Mwaka huo huo wa 1982 ilichapishwa Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya. Inapita katika historia ya mapambano ya watu wa nchi hii hadi baada ya uhuru, kwa nyimbo, ngoma na usimulizi. Kuandika tamthilia watu watatu, wote wanawake, lilikuwa jaribio lenyewe. Katika miaka hiyo hiyo kikundi cha Paukwa, kilichowakusanya wasanii na walimu wa chuo kikuu, kilitunga mchezo wa Ayubu kwa njia ya pamoja, ukachapishwa mwaka 1984. Jina la kikundi linatoka katika mwito wa kufungulia hadithi, ule ambao msikilizaji lazima auitikie la sivyo hadithi haianzi.

Lina Ubani (1984) ndiyo tamthilia yake inayosifiwa zaidi na wahakiki. Jina lake linaipindua methali tunayoijua sote, kwamba la kuvunda halina ubani. Imewekwa katika kipindi cha Vita vya Kagera (1978–1979) na dhiki iliyofuata. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawahitaji kuelezwa: foleni za sukari na sabuni, unga wa njano, duka la kijiji lenye rafu tupu na karani mwenye uvimbe wa tumbo. Ndani ya mchezo huo yumo Bibi anayesimulia hadithi, na hadithi yake ya kale inaingiliana na mambo ya leo mpaka mtazamaji anaanza kuliona zimwi la ngano likitembea na mkoba wa ofisini. Kwa hiyo ngano si pambo la kuonyesha utamaduni. Ndiyo mtambo unaoendesha mchezo mzima.

Huko Ulaya majaribio ya kuuvunja ukuta kati ya jukwaa na watazamaji yalikuwa yameanza zamani. Vsevolod Meyerhold wa Urusi (1874–1940) aliliondoa pazia, akaziacha taa za ukumbini ziwake na akawafundisha waigizaji kutumia mwili kama wanasarakasi. Aliuawa na serikali ya Stalin. Bertolt Brecht wa Ujerumani (1898–1956) alitaka mtazamaji afikiri badala ya kulia, na mbinu zake zilijulikana vizuri Mlimani. Wasomi wengine wameziona tamthilia za Muhando kuwa za ki-Brecht. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Chizi na Bibi wana ukoo wa karibu zaidi nyumbani, na Wakaguru hawakuwahi kuwa na pazia la kuondoa.

Malya: mchezo usio na mwandishi

Kati ya mwaka 1982 na 1983 Muhando, akishirikiana na Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, wote wa chuo kikuu, alifanya kazi katika kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba, ambayo wakati ule ilikuwa mkoa wa Mwanza kama ilivyo sasa. Hawakwenda na mchezo mkononi. Hilo ndilo lililokuwa jipya.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Kwanza waliishi na wanakijiji, wakazungumza nao mashambani, vilabuni na majumbani, wakisikiliza watu wanalalamikia nini hasa. Kisha yale yaliyosikika yalirudishwa kwa wanakijiji wenyewe wayachambue: lipi ni tatizo, lipi ni dalili tu ya tatizo, na chanzo ni nini. Baada ya hapo vikundi vya wanakijiji vilitunga maonyesho kwa kutumia sanaa wanazozimudu. Maonyesho yalifanyika hadharani, na yalipokwisha watu hawakutawanyika. Mjadala ulianza pale pale. Hatua ya mwisho ilikuwa kuamua la kufanya na kufuatilia kama limefanyika.

Yaliyojitokeza Malya yalikuwa pamoja na vijana wasio na kazi na wasichana waliopata mimba wakiwa shuleni. Mtu anaweza kusema kwamba hayo yalijulikana hata bila wataalamu kusafiri kutoka Dar es Salaam. Ni kweli. Lakini kila mtu kulijua jambo moyoni si sawa na jambo hilo kusemwa mbele ya wote. Mimba ya mwanafunzi wakati ule ilikuwa na msichana aliyefukuzwa shule, na ilikuwa na mwanamume ambaye yuko pale uwanjani, amesimama na watazamaji wengine, pengine ni mtu wa heshima zake. Mkutano wa kijiji wa kawaida hauwezi kulifikia jambo hilo kwa sababu msichana hasimami kwenye mkutano. Ndani ya mchezo anasimama.

Sanaa iliyotumika zaidi huko ilikuwa ya Wasukuma wenyewe, ikiwemo wigashe, ngoma inayochezwa wachezaji wakiwa wamekaa. Ngoma ya namna hiyo ina nafasi ya maneno. Mwimbaji hutupa mstari, wengine huupokea, na mstari unaweza kubadilishwa papo hapo kulingana na aliyepita mbele yao. Ngoma iliyokuwa imezoea kumsifu au kumsuta mtu sasa ilipewa hoja ya kijiji kizima.

Wazo hili lilikuwa na ndugu kwingineko. Botswana ilikuwa imeanza Laedza Batanani mwaka 1974, na Amerika ya Kusini kulikuwa na Wabrazili wawili, mwalimu Paulo Freire na mwongozaji Augusto Boal. Mfano wa karibu na wa kuumiza zaidi ulikuwa Kenya. Huko Kamiriithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi walicheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ mwaka 1977, kwa Kikuyu, chini ya uongozi wa Kimani Gecau. Wiki chache baadaye serikali ilipiga marufuku mchezo huo, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini kwa mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe lilibomolewa.

Tanzania hapakuwa na askari wa kubomoa. Hatari ya huku ilikuwa nyingine, nayo ni ya upole zaidi: kumezwa. Serikali ya chama kimoja ilikuwa tayari inasema inawasikiliza wakulima, na ilikuwa rahisi sana kikundi cha sanaa kilichoanza kwa kuuliza kikaishia kupokea wageni uwanja wa ndege. Muhando aliliandika jambo hili waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1991, Culture and Development: The Popular Theatre Approach in Africa, kilichotolewa na taasisi ya utafiti wa Afrika ya nchi za Skandinavia. Humo anaeleza Malya na miradi mingine iliyofuata, na anawakosoa wale wanaoitumia sanaa ya wananchi kama gari la kubebea ujumbe uliokwisha tungwa ofisini.

Ukosoaji huo haujazeeka. Wakazi wa Buguruni wanalijua lile gari lenye spika linaloegeshwa karibu na soko. Vijana wanne wanashuka, wanaigiza kwa dakika kumi na tano jinsi mtu mjinga alivyokataa kutumia kitu fulani na jinsi alivyojuta, kisha linaulizwa swali ambalo jibu lake limetajwa mara sita. Mshindi anapata fulana. Vipeperushi huita kazi hiyo "sanaa shirikishi". Kwa kipimo cha Malya inakosa karibu kila hatua: hakuna aliyeulizwa tatizo lake, na spika inazimwa wakati ule ule ambapo mjadala ungeanza.

Haifai hata hivyo kuipamba Malya kupita kiasi. Mchezo unaweza kuwafanya watu waseme, lakini hauna fedha za kuwapa vijana kazi, na wataalamu wa chuo kikuu lazima siku moja warudi kufundisha. Kufuatilia ndiyo hatua iliyokuwa ngumu kuliko zote, kijiji hiki na vingine. Muhando hakulificha hilo.

Tuseme

Mwaka 1996 Muhando na Lihamba walianzisha mradi wa Tuseme katika idara yao ya chuo kikuu, safari hii wakiingia katika shule za sekondari. Walengwa walikuwa wasichana. Utaratibu ulifanana na wa Malya: wasichana wenyewe walichunguza nini kinawazuia kusoma, wakakitungia mchezo, wakaucheza mbele ya shule nzima, na mjadala ukafuata. Kila shule ilibaki na klabu ya Tuseme ili sauti isife baada ya wageni kuondoka. Hapo unaona kwamba tatizo la kufuatilia lililojitokeza vijijini lilikuwa limefanyiwa kazi.

Aliyewahi kuwa mwalimu anaelewa ugumu wa mchezo huo kwa watazamaji wa safu ya mbele. Wasichana wanapopewa nafasi ya kusema kinachowazuia kusoma, hawataji tu wazazi na umaskini na umbali wa shule. Wanataja kazi za nyumbani kwa mwalimu. Wanataja maneno wanayoambiwa ofisini. Kukosa pedi na choo kisicho na mlango, mambo ambayo kwenye kikao cha walimu hayakuwahi kuwa ajenda, yanasemwa mbele ya mkuu wa shule na wajumbe wa bodi. Mwandishi wa makala haya alishawahi kukaa kwenye kiti cha safu hiyo, katika shule ambayo haitatajwa, na anakiri kwamba alitazama viatu vyake kwa muda mrefu.

Mradi huu ulivuka mipaka kupitia Jukwaa la Wanawake Waelimishaji wa Afrika (FAWE), lililoanzishwa mwaka 1992 na lenye makao makuu Nairobi. Muhando alikuja kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa jukwaa hilo, na Tuseme ikaenea katika nchi kadhaa za Afrika. Jina lilibaki la Kiswahili hata katika nchi zisizozungumza Kiswahili.

Nafasi yake katika sanaa ya Tanzania

Wakati Muhando akifanya kazi hizi, mjini ilikua sanaa ya aina nyingine kabisa. Vikundi kama Muungano na baadaye Tanzania One Theatre vilijaza kumbi za Dar es Salaam miaka ya 1990 kwa kuunganisha katika usiku mmoja ngoma, sarakasi, maigizo, vichekesho na taarab. Watu walilipa kiingilio na walirudi nyumbani alfajiri. Wasomi wengi waliidharau sanaa hiyo. Dharau hiyo haikuwa ya haki, kwani mtazamaji wa kumbi zile alikuwa na sauti kubwa: akichukizwa alizomea, akipendezwa alipanda jukwaani kutuza. Lakini hoja ilibaki ya mwenye kikundi, na ndipo njia mbili hizi zinapoachana.

Mbali na chuo kikuu na FAWE, Muhando amewahi kuwa mwenyekiti wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984 na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na ofisi zake Ilala Sharif Shamba, si mbali na Buguruni.

Sifa zake zimegawanyika kwa namna ya ajabu. Watu wa nje wanaosomea maendeleo wanamjua kwa jina la Mlama, kwa sababu kitabu chake cha Kiingereza kiko katika maktaba nyingi, na wachache wao wamesoma tamthilia zake. Watanzania wanamjua kwa jina la Muhando, mwandishi wa vitabu vya fasihi, na wengi hawana habari kwamba ndiye Mlama wa Malya. Mtahiniwa mmoja aliwahi kuwataja kama waandishi wawili tofauti katika jibu lake la mtihani, akawalinganisha vizuri tu.

Kuzisoma na kuzicheza

Shuleni tamthilia za Muhando husomwa zaidi kuliko zinavyochezwa. Wanafunzi huandika dhamira, migogoro na nafasi ya mwanamke, kisha kitabu kinarudishwa kabatini. Nguzo Mama hasa haionekani vizuri kwenye karatasi. Nyimbo zake zinaonekana kama nafasi tupu kati ya maneno, na Chizi anaonekana kama msumbufu. Ikichezwa, hata kwa mazoezi ya juma moja, hubadilika.

Haihitaji ukumbi wala pazia. Uwanja wa shule unatosha, watazamaji wakae duara na nafasi ya kupita iachwe. Kwa nguzo linafaa gogo halisi lenye uzito, lisiwe boksi lililopakwa rangi, maana wachezaji wakihangaika kweli kuliinua watazamaji wataacha kucheka wenyewe. Chizi apewe mwanafunzi anayesumbua darasani. Na mchezo ukiisha nguzo isiondolewe haraka. Iachwe pale pale chini katikati ya duara, na mwalimu anyamaze mpaka mtu wa kwanza aseme.